Ninavyopima mimea juu ya lava ya Goma

Kuona mimea ikipokezana ardhi kwa karibu miaka 50 hakuhitaji kungoja miaka hiyo yote. Volkano ya Nyiragongo, karibu na mji wa Goma mashariki mwa Kongo, imetuachia lava ya 1977, ya 2002 na ya 2021, na pikipiki inazifikia zote. Nazisoma kama hatua tatu za mwendo mmoja.

Kigingi hakiingii kwenye lava. Kwa hiyo mraba wa mita 1 kwa 1 naufanya kwa kamba, pembe nazikandamiza kwa mawe na kuzitia alama ya rangi ya mafuta. Miraba 20 kila lava, isizidi wala kupungua: ukipima 10 kwenye lava changa na 30 kwenye kongwe, kongwe itaonekana ina aina nyingi kwa sababu tu umeitafuta zaidi. Nahesabu hatua 15 kati ya mraba na mraba, popote zitakapoangukia. Jicho likiachiwa lichague, litakimbilia penye kijani.

Daftarini naweka safu mbili, ya juu ya jiwe na ya ndani ya ufa. Juu ya jiwe hutangulia Stereocaulon, kuvumwani (kuvu na mwani wanaoishi pamoja) ya kijivu inayokwaruza kiganja. Hunasa naitrojeni ya hewani, ambayo lava mpya haina. Mvua ya Goma si haba, lakini jiwe hili linavuja, maji yanapotea upesi. Ufa ndio unaobakiza unyevu, vumbi na majivu, ndiyo maana makangaga huanzia humo, vichaka baadaye. Mraba wa 2002 wenye nyufa unaweza kuupita wa 1977 ulio laini. Umri peke yake hauelezi mengi, kwa maoni yangu.

Nakaa mbali na ukingo wa lava, angalau mita 50, maana mbegu humwagika kutoka shamba la jirani. Penye lava iliyovunjwa kwa ujenzi, au palipoletwa udongo wa maharage, sipimi kabisa: hapo unahesabu kazi ya watu. Kupanda kuelekea Kibati baridi inaongezeka, basi miraba yote naiweka kwenye mwinuko unaokaribiana. Nikikuta Tithonia, kichaka kirefu cha maua ya njano, imefunika, naandika asilimia ya kivuli chake, kwani chini yake aina hupungua.

Mabondeni kuna mazuku, yaani mashimo yanayokusanya kaboni dioksidi ya volkano, inayoweza kuua. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hulala chini asubuhi isiyo na upepo, na anayepima huchutama, pua ikawa humo humo. Shimo la namna hiyo naliruka na kuandika "halikupimwa". Sifuri ingeshusha wastani kwa kitu ambacho hakuna aliyekiangalia.