Jajangmyeon ya mahafali

Siku ya pili baada ya mahafali yangu, mwezi wa nane, mwenye nyumba wangu alinigongea mlango asubuhi. Namwita Halmoni, yaani bibi, kama wapangaji wote wanavyomwita. "Umeshakula jajangmyeon?" Nikasema bado. "Basi hujamaliza shule. Vaa viatu, na ile karatasi yako ibebe."

Kwa Wakorea wa umri wake, mtoto akihitimu hupelekwa kula jajangmyeon: tambi za ngano zenye mchuzi mweusi wa soya iliyochachushwa. Wazazi wangu hawakuweza kuja Korea, kwa hiyo jambo hilo alilibeba yeye.

Tulipanda treni ya laini ya 1 mpaka mwisho, kituo cha Incheon. Lango la Chinatown, yaani mtaa wa Wachina, liko ng'ambo ya barabara, na baada ya lango ni kilima. Watalii walikuwa wamejaa kama kawaida ya Jumamosi: taa nyekundu, picha kila hatua mbili, foleni ya maandazi ya nyama yanayobandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo mpaka yaive. Mbele ya mikahawa mikubwa, vijana wanasimama kuita wateja. Halmoni aliwapita wote bila kugeuza shingo. Alikata kushoto, tukapanda ngazi, tukaingia mkahawa wenye meza tisa na feni mbili, anaokula tangu hajaolewa.

Nilichokipenda kwanza ni sauti. Mzee mwenye mkahawa alikuwa akipaza agizo jikoni kwa Kichina cha Shandong, kisha anatugeukia na Kikorea kilekile cha mtaani kwetu. Yeye ni hwagyo, Mchina aliyezaliwa Korea. Bandari ya Incheon ilifunguliwa mwaka 1883, na mwaka uliofuata Wachina wakapewa eneo lao hapa kilimani. Wengi walitoka Shandong, ng'ambo tu ya bahari, wakaja na tambi zao za zhajiangmian. Zile za asili zina chumvi kali. Za hapa zimekuwa tamu, nyeusi tii kwa sababu ya karameli inayotiwa kwenye chunjang, yaani hiyo soya yenyewe, na vitunguu havipimwi. Mchina aliyetoka Beijing jana atashangaa akiletewa. Ni chakula kilichohama, kikaoa, kikazaa hapahapa.

Halmoni aliagiza ganjjajang, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu nimeishi Korea miaka mitatu nikiagiza ile ya kawaida bila kujua. Jajangmyeon ya kawaida mchuzi wake huongezwa maji na wanga, ukawa mzito, ukakaa kwenye sufuria ukingoja wateja. Ganjjajang haina maji wala wanga. Inakaangwa kwenye karai moto ukishaagiza, na inaletwa kwenye bakuli lake, mbali na tambi. Nilisikia karai likigongwa jikoni. Vitunguu vilifika bado vinalia kwenye meno, vimepakwa chunjang inayong'aa mafuta, na ndani yake harufu ya moshi ambayo mchuzi uliolala hauwezi kuwa nayo. Bakuli moja won 10,000. (Wasiokula nguruwe waulize mapema, maana nyama iliyomo kwa kawaida ndiyo hiyo.)

Nilitaka kuanza, akanizuia mkono. "Changanya kwanza. Tambi nyeupe isibaki hata moja." Nikachanganya mpaka vijiti vikawa vizito. Pembeni kulikuwa na danmuji, figili ya njano yenye siki na sukari, pamoja na kitunguu kibichi cha kuchovya kwenye chunjang tupu. Usividharau. Mafuta yakianza kukulemea, kipande kimoja cha danmuji kinakurudisha mezani.

Tuliongeza tangsuyuk, nyama ya kukaanga yenye mchuzi mtamu na mchachu. Wakorea wanabishana sana kama mchuzi umwagwe juu au nyama ichovywe. Halmoni aliumwaga wote. Sikubisha.

Katikati ya kula akaniambia kwamba alipomaliza shule ya msingi baba yake alimleta humuhumu na wadogo zake wawili, akaagiza bakuli tatu kwa watu wanne. Baba alisema ameshakula nyumbani. "Nilimwamini," akasema, "mpaka nilipozaa wangu." Kisha akaninyanyulia nyama kwenye sahani yake akaniwekea.

Tukiwa kwenye chai nilimuuliza mzee kuhusu majirani zake wa zamani. Akaorodhesha waliohamia Taiwan na Marekani. Tangu miaka ya 1960 sheria ziliwabana wageni katika kumiliki ardhi, na wengi walichoka. Hata Gonghwachun, mkahawa wenye jina kubwa kuliko yote hapa, ulifungwa mwaka 1983, na jengo lake tangu 2012 ni makumbusho ya jajangmyeon. Liko chini kidogo, tulilipitia baadaye. Mzee yeye alibaki, na mwanawe ndiye aliyekuwa kwenye karai.

Nje, Halmoni alinisimamisha mlangoni na cheti changu, akanipiga picha. Nikamtumia mama hapohapo. Kwao ilikuwa alfajiri. Akapiga simu. "Mpe huyo bibi nimshukuru." Nikampa. Mama akaongea Kiswahili, Halmoni akajibu kwa Kikorea, "ne, ne," yaani ndiyo, ndiyo, akiinamisha kichwa kila baada ya neno, na hakunirudishia simu mpaka tulipofika karibu na lango.