Nilivyopima hewa ukaa kwa korija ya boriti

Mkataba ulitufikia Matondoni, Lamu, kwa Kiingereza, kurasa 41. Mimi ndiye karani wa kikundi cha mikoko, basi nikaambiwa niusome, kisha niwaeleze wazee. Kampuni ilitaka kuuza hewa ukaa inayofyonzwa na mikoko yetu, miaka 30: wachafuzi wa mbali walipe kwa kila tani ambayo miti inaivuta.

Kikao cha kwanza kilinishinda. Nilitaja tani, nikataja kaboni, nikataja soko la dunia. Mzee mmoja aliyekata boriti tangu ujanani alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Nambia, mwanangu, hewa nayo hutiwa guniani?" Watu wakacheka, tukatawanyika. Na kosa lilikuwa langu tangu kupanga siku. Ilikuwa bamvua, maji yamejaa hata mashua zinaingia vijito vya ndani, na wakataji wote walikuwa msituni. Niliwaeleza wasiokata.

Nikangoja maji mafu, bahari isipojaa sana, wakataji wawe nyumbani. Siku hizo za kungoja nikaazima mizani, nikapima boriti moja kavu ya mkoko: kilo 38. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ikishikana na oksijeni huwa kilo 3.67 za hewa ukaa. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari. Tani moja ya hewa ukaa ni boriti 14 hivi. Haifiki hata korija, yaani boriti 20.

Kikao cha pili nilianza na hilo tu. Bei ya korija hakuna asiyeijua pale barazani, na bei ya tani ilikuwa ukurasa wa 17. "Kumbe wanunua boriti kwa bei ya fito!" akasema mmoja, na kuanzia hapo sikuwa na kazi ya kueleza, nilikuwa na kazi ya kutuliza.

Maana haki ni haki, upande wa pili nao nilipaswa kuusema. Boriti ukishaiuza imekwenda. Mti huu unabaki umesimama. Tena kaboni nyingi ya mikoko haimo kwenye mti, imo kwenye tope chini yake, na tope hilo hakuna aliyewahi kutupa senti kwalo. Wenzetu wa Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hewa ukaa ya mikoko kule Gazi, Kwale, walianza mwaka 2013 na fedha zimewaletea maji. Lakini eneo lao ni hekta 117. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kuna nyumba hazipiki bila fedha ya boriti. Marufuku ya kukata miti ya 2018 iliwauma watu, ndiyo maana maneno "hakuna kukata, miaka 30" yaliwakaa kooni.

Mimi kilichonikera zaidi ni neno moja: mkataba ulituita "wamiliki". Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932. Sisi tuna haki ya kuitumia na kuitunza. Ukitia sahihi kama mwenye mali isiyo yako, ikiharibika utaulizwa wewe. Halafu ile asilimia 40. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka miradi ya ardhi iipe jamii kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na mkataba uliandika 40, safi kabisa. Lakini gharama zinahesabiwa na nani kabla ya hiyo 40 kukatwa? Kurasa 41, sikuona jibu.

Tukaurudisha. Tuliomba mradi ubaki kwenye vipara, kule kulikokatwa mpaka tope likawa jeupe, na vijito vya wakataji viachwe. Tukaomba nakala ya Kiswahili, na daftari la gharama lifunguliwe kila mwaka. La vipara na la nakala wamekubali. La daftari wamesema watalitazama.

Juzi yule mzee alinisimamisha njiani kutoka msikitini. Anataka nipime na mchu, aina nyingine ya mikoko. Anashuku mkoko niliopima ni mzito zaidi, na kwamba vipara vyetu vingi vilikuwa vya mchu.