Mjomba na Fungu la Maziwe

Sisi marubani tulishapanga kurusha ndege zetu ndogo saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza, twende kulitazama Fungu la Maziwe, mchanga ulio baharini kusini mwa Tanga. Mjomba akakataa.

Alikuwa ameketi mkekani sebuleni kwa mama, Chumbageni, mguu wake unaomsumbua ameunyoosha, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Akatutazama watu sita tuliomzunguka, akauliza, "Leo mwezi ngapi?" Tukaangaliana. Mmoja wetu akatoa simu atafute. Mjomba, anayehesabu siku kwa mwezi wa Kiislamu, hakumngoja.

"Kumi na tano, Mfungo Tano. Kesho bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Saa nne maji yatakuwa makavu kabisa. Mkienda hiyo saa moja yenu fungu bado liko chini, mtaona bahari tupu. Sasa mnakwenda kutazama nini?"

Ulikuwa usiku wa Jumamosi, tarehe 4 Novemba 2017. Mchana ule tulikuwa tumetua Tanga na ndege ndogo nne kutoka Dar es Salaam. Zamu ya kuchagua mahali ilikuwa yangu, nami nikachagua kwetu.

Kundi letu halina jina wala ofisi. Ni marafiki wenye shughuli zao wiki nzima: daktari wa meno, muuza vipuri, mhandisi wa barabara, mwalimu aliyestaafu, na wengine wawili tukiwamo mimi. Leseni zetu ni za rubani binafsi. Kiwango cha chini ni saa 40 angani kabla hujaipata, na ukishaipata huruhusiwi kumtoza abiria nauli. Mnachangiana gharama, basi. Ndege ninayorusha tunaimiliki watu watano. Ni Cessna 172 ya viti vinne, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na iliyotengenezwa zaidi ya 44,000, nyingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani. Yetu imenizidi umri. Mara moja kwa mwezi tunapanga mahali, tunaruka, tunakula pamoja, tunarudi.

Watu huniuliza raha yake iko wapi, maana kila mmoja yuko peke yake kwenye chombo chake. Kwangu mimi raha iko redioni. Wa kwanza anasema yuko juu ya Saadani, mawingu yako juu, upepo hafifu. Wewe uliye nyuma yake dakika kumi unajua unaingia wapi. Akinyamaza, moyo unauliza. Akisema tena, unatulia. Sijapata urafiki wa namna hiyo mahali pengine.

Mama alitupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kila aliyesema ameshiba aliongezwa. "Tanga, waja leo waondoka leo," alimwambia yule daktari, "lakini kwangu hutoki na njaa." Na hapo ndipo jina la Maziwe lilipotajwa. Mhandisi alikuwa ameona kwenye chati, ramani ya marubani, kitone kidogo baharini, kusini-mashariki mwa Pangani, akauliza ni nini. Mjomba akaweka kikombe chini.

Mjomba wangu ni mtu wa Kigombe. Alianza na ngalawa ya baba yake, akaishia nahodha wa mashua, hadi mguu ulipomkatalia mwaka 2011. Tangu hapo hakuwahi kuiona Maziwe. Alitueleza kwamba ujana wake pale palikuwa kisiwa hasa, kina mivinje, na wao wakishapweleka vyombo walilala chini ya miti ile, upepo ukiimba juu. Asubuhi walikuta mchangani mistari ya kasa waliopanda usiku kutaga. Kisha bahari ikaanza kula. Ikala ufuko, ikaangusha mvinje mmoja mmoja, mpaka likabaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Mimi nilikua nikiisikia hadithi hii kama unavyosikia habari za watu wa kale. Usiku ule nilimwangalia usoni akiisimulia, nikasema, "Mjomba, kesho twende wote."

"Nauli kiasi gani?"

"Leseni yangu hainiruhusu kuchukua nauli."

Akacheka. "Basi nimepanda."

Na saa ikabadilishwa. Marubani hupenda kuruka mapema, na Novemba ni vuli, joto likipanda mawingu nayo yanakua. Lakini hakuna aliyebisha. Tuliondoka kwa mama saa mbili.

Kiwanjani Mjomba alikataa kukaa kivulini. Alinifuata nikikagua ndege, fimbo mkononi, akapitisha kiganja kwenye bawa kama anayetafuta kalafati iliyolegea. Nilipofika kwenye mafuta nikachukua kikombe chembamba cha plastiki kinachoona, nikakisukuma chini ya bawa, petroli ikachuruzika. Petroli hii ni ya buluu, hutiwa rangi makusudi isikosewe na nyingine. Nikaiinua juani. Chini kabisa ya kikombe, dogo kama ushanga, tone la maji limetuama, linatikisika.

"Maji hayo," Mjomba akasema, kabla sijafungua mdomo.

Tangi lisilojaa likilala nje, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka maji, na maji ni mazito kuliko petroli. Hushuka chini, palepale injini inapoanzia kunywa. Nikamwaga, nikachota tena. Kikombe cha pili kilikuwa na chembe. Cha tatu kikatoka safi, nikachota cha nne kwa ajili ya moyo wangu. Mjomba alisimama pale muda wote. Aliniambia mashine ya boti iliwahi kumzimikia katikati ya mkondo wa Pemba kwa ushanga kama ule, wakachukuliwa na maji usiku mzima. Nilikagua bawa la upande wa pili kwa uangalifu ambao, nakiri, ulikuwa mkubwa kuliko wa siku zote.

Kumpandisha kulikuwa kazi. Mlango wa ndege hii ni mdogo na kikanyagio chake kiko juu. Mwalimu alimshika kiwiko, mimi kiuno, akapanda bila kulalamika. Nikamvisha jaketi okozi, nikamweleza kwamba tukianguka majini asilijaze upepo tukiwa bado ndani, maana litambana kwenye dari na mlango ataukosa. Atoke kwanza, ndipo avute kamba. Aliirudia kauli yangu neno kwa neno. Likabaki suala la kofia. Vifaa vya masikioni havizibi vizuri juu ya kofia ya kiua, na Mjomba hajawahi kutoka kichwa wazi. Daktari ndiye aliyesogea. "Shikamoo, Mjomba. Niruhusu niitunze." Akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja taratibu, akamrudishia aiweke mapajani. Kule akaishikilia safari nzima.

Magurudumu yalipoacha ardhi nilimsikia kwenye spika za masikioni akisoma kwa sauti ya chini, "Bismillahi majreha wa mursaha," dua ya Nabii Nuhu, ile ile waliyosoma wakitweka tanga.

Kutoka Tanga hadi Maziwe ni kama kilomita 45 kwenda kusini, robo saa kwa ndege yetu. Hatukukata moja kwa moja, tulifuata pwani. Ghuba ya Tanga na kisiwa cha Toten vikabaki nyuma, yakaja mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka kama ukili kwenye mkeka, kisha mikoko, kisha Tongoni ambako magofu hayaonekani kwa miti. Mjomba alikuwa kimya. Tulipofika Kigombe akainama dirishani. Maji yalishapwa, vyombo vimelala ubavu kwenye tope.

"Mabati yale mapya ya nani?"

Sikujua. Ilimkera kidogo, kwamba kijijini kwake pana nyumba asiyoijua mwenyewe.

Kisha akaanza kuisoma bahari, na hapo ndipo nilipotambua nimembeba nani. Kutoka juu, kupwa namna ile, mwamba ni kahawia na kijani, na mlango wa kupitia kati ya mwamba na mwamba ni buluu nzito kama wino. Miaka yote aliyovua hakuwahi kuiona milango hiyo. Aliijua kwa alama za nchi kavu, mnazi huu ukiupanga na kilima kile, na kwa kamba iliyofungwa jiwe. Sasa aliitaja kabla hatujaifikia. "Mbele hapo pana mlango, mwembamba, unapinda kushoto." Ukaja, mwembamba, unapinda kushoto. Mara tatu hivyo. Mahali pengine mwamba ulikuwa na mabaka meupe ya mviringo, akasema, "Hapo palipigwa baruti," na hakuongeza neno. Alipokuwa kijijini aligombana na watu kwa ajili ya uvuvi wa baruti, hadi na jamaa zake.

Mdomoni mwa mto Pangani maji ya udongo yalikuwa yametoka baharini kama kahawa iliyomwagika. Hapo ndipo tulipokubaliana kusubiri: ndege moja moja iende Maziwe, izunguke, irudi, ifuate nyingine, ili tusikaribiane sote tukiwa macho chini. Sisi tulikuwa wa kwanza.

Lilikuwepo. Mchanga mweupe, kama ulimi, mdomo wa povu upande wa mashariki. Mashua mbili zimetia nanga. Lakini lililonishika si mchanga wenyewe. Chini ya maji, kulizunguka fungu lile, lilionekana umbo jingine, pana mara kadhaa, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, lenye kingo kamili.

"Pale pote palikuwa kisiwa," Mjomba akasema. Kidole chake kilikuwa kwenye kioo. "Tulilala hapa. Hapa. Na mivinje ilianzia hapa." Akanyamaza. "Shuka kidogo, mjomba."

Tulikuwa futi 4,000. Maziwe iko kama kilomita nane kutoka ufuko wa Ushongo, na ndege yangu ina injini moja. Ikizima, kila futi 1,000 hunipa karibu kilomita mbili na nusu za kuteleza. Pale tulipokuwa ningefika mchangani Ushongo. Futi 1,000 ningeishia majini na mzee mwenye mguu mbovu. Nikamwambia hivyo, kwa adabu, nikiwa na uchungu, kwa sababu nilitamani kumshusha mpaka aone chembe za mchanga.

Alinitazama kwa muda. "Nahodha ni wewe," akasema. "Kaa hapo hapo."

Nikamaliza mzunguko, nikatangaza redioni kwamba natoka. Sauti ya daktari ikaja: "Zamu yangu mpeni Mjomba. Azunguke tena." Kabla sijajibu, mhandisi: "Na yangu." Kisha muuza vipuri, ambaye ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote na aliyekuja na kamera mpya: "Na yangu pia. Sisi tunaona mto."

Tukazunguka mara nne. Watatu wale walikuwa wakizunguka juu ya maji ya udongo, wakichoma mafuta waliyokuja nayo wenyewe kutoka Dar, maana Tanga hatukutegemea kununua. Mjomba alikuwa amesikia yote masikioni. Hakusema kitu. Mzunguko wa tatu nilimwona akifuta kioo kwa kofia yake, ingawa ukungu haukuwepo.

Tulitua Tanga saa tano kasoro, mawingu yakijijenga juu ya Usambara. Chini, Mjomba akaomba mchanga. Hapakuwa na mchanga ila ukingo wa udongo kando ya maegesho, akachora hapo kwa fimbo yake: kisiwa, mivinje, upande wa kuingilia vyombo, mahali kasa walipopenda kupanda. Sote sita tulichuchumaa. Mhandisi akatoa chati na penseli, akamwomba amwoneshe ukubwa wake, akauzungushia kile kitone mstari. Sijui kama yupo rubani mwingine mwenye chati ya namna hiyo.

Wakati wa kuondoka hakukubali kurudishwa nyumbani kwanza. Alisimama kwenye uzio, kofia kichwani, akatuangalia tukipaa mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwa wa mwisho.

Jioni, Dar, nilikuwa nakunja turubai la ndege simu ilipolia.

"Mmefika?"

"Tumefika, Mjomba."

"Nimekuuliza wote."

Nikageuka nikahesabu, ingawa nilijua. Daktari alikuwa anafunga kamba bawa lake, wengine wawili wameshaegesha.

"Wote wanne."

"Haya," akasema, akakata simu.