Siku moja na daftari la miadi

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kuwasha jiko nameza kidonge changu. Naishi na virusi vya Ukimwi tangu 2008. Binti yangu, aliyezaliwa 2009, hana. Ndiyo maana nafanya kazi hii. Mimi ni mama mshauri katika kliniki moja hapa Mathare, Nairobi: nawashika mkono wajawazito na wanaonyonyesha wasikatize dawa.

Saa 1:30 asubuhi. Magari yameziba Juja Road, natembea. Foleni ishaanza. Siku hizi wote wanakaa benchi moja, wa presha, wa kikohozi na wetu. Wapo wanaofurahia kutotengwa. Lakini kuna mama hawezi kusema shida yake huku jirani wa ploti yuko ubavuni. Kwa maoni yangu, chumba chetu cha pembeni cha zamani kingebaki.

Saa 3. Binti wa miaka 19 ameleta mtoto wa wiki sita kupimwa. Sista anapasha kisigino joto kwa kitambaa, anachoma, anafuta tone la kwanza. Kadi ina duara tano, na kila moja lazima damu iloweshe mpaka upande wa pili. Duara la nne likagoma.

"Mama, lazima yote?"

"Mnyonyeshe kidogo, mwanangu, tusubiri."

Akanyonya, akatulia, damu ikashuka. Kadi itakauka kivulini kwa saa kadhaa ndipo iende maabara. Mama asiyetumia dawa humwambukiza mwanawe kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 45. Akizitumia vizuri, kiwango hushuka chini ya 5. Huyu hajakosa hata siku moja. Mimi ndiye ninayehesabu siku za majibu kama vile mtoto ni wangu.

Saa 7. Chai na chapati, haraka.

Saa 8. Daftari. Hapa ndipo roho inaniuma. Dawa, vipimo na posho zetu kwa miaka mingi vililipiwa na Wamarekani kupitia PEPFAR, mpango wa kupambana na Ukimwi ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, pamoja na Global Fund, mfuko wa kimataifa wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria. Nashukuru kwa dhati, maana bila dawa hizo ningezikwa zamani. Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada, nasi tukaambiwa kwa simu tusirudi kazini. Tulikuwa akina mama wanne. Nimerudishwa peke yangu, kwa posho ndogo.

Chupa za dawa zilikuwa bado kabatini wiki zile. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza, "Mama, mbona hukuja jana?" Swali hilo nalo ni dawa, na kaunti inapaswa kumwandika kazi anayeliuliza, asitegemee uchaguzi wa nchi nyingine.

Leo waliokosa miadi ni saba. Nawapigia simu, kwa kredo yangu mwenyewe. Watano wamepokea, mmoja amehamia Kayole, mmoja simu imezimwa.

Saa 11 jioni. Namfuata huyo wa simu iliyozimwa. Majirani wanadhani mimi ni wa chama cha akina mama cha kuweka akiba, nami sikanushi. Anatoka na mtungi wa maji, ananiona, anauweka chini polepole.

"Zimeisha siku tano, mama. Nafua Eastleigh, nikikosa siku moja nafasi inachukuliwa."

Nampigia sista hapohapo. Atampokea kesho saa 1 kamili, kabla hajaenda kibarua.

Saa 3 usiku. Nimeliandika jina lake kwenye ukurasa wa kesho, mstari wa kwanza.