Tiketi ya Langoni Hainunui Msitu

Sisi wakazi wa Nairobi tumejaliwa neema ambayo miji mingi mikubwa haina. Msitu wa Karura, wenye ukubwa wa takriban hekta 1,000, umo ndani ya jiji lenyewe. Mbuga ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1946 inapakana na barabara zetu. Na anayepanda matatu za namba 111 hufika mji wa Ngong, ambako vilima vinaanza karibu tu na stendi. Ninafurahi kuona vijana wengi wakitumia Jumamosi zao kutembea huko. Linalonisumbua ni kauli ninayoisikia mara kwa mara mtu anapoelezwa kwamba hapaswi kufanya jambo fulani: "Mimi nimelipa." Ada ya langoni husaidia kuwalipa walinzi na kutunza njia, lakini haimpi mtu yeyote mamlaka juu ya mahali ambapo wengine walipalinda, na wengine bado wanapategemea kwa riziki.

Tuanze na Karura. Msitu huu ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, na hata hivyo, miaka ya tisini, sehemu zake ziligawiwa kimyakimya kwa watu waliotaka kujenga majumba. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda mti kwenye lango, walivamiwa na kundi la wanaume wenye silaha, naye akajeruhiwa kichwani. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Ninaamini kila anayeingia pale na baiskeli au kikapu cha mandari anastahili kulijua jambo hilo kabla ya kuchonga jina la mpenzi wake kwenye gome la mti. Mapango yaliyo karibu na maporomoko nayo yaliwahi kuwahifadhi wapiganaji wa Mau Mau. Kupiga muziki wa spika ndani yake ni kuwavunjia heshima watu waliojificha humo ili sisi tutembee huru.

Jambo linaloonekana dogo, na ambalo kwa kweli lina madhara makubwa, ni kuwalisha kima. Mzazi humpa mtoto kipande cha mkate ili kima asogee apigwe picha, na wote hucheka. Lakini kima ni mla matunda, na mbegu anazozimeza au kuzitema mbali na mti mama ndizo zinazoota na kuwa miti mipya. Anayeshibishwa mkate na biskuti huiacha kazi hiyo na kukaa akisubiri mifuko ya wageni. Baada ya muda hupoteza woga, akaanza kunyakua chakula mikononi mwa watoto na kuuma, na hapo ndipo watu wale wale waliomzoesha hudai kwamba ni mnyama msumbufu anayepaswa kuondolewa. Isitoshe, maradhi huweza kupita kutoka kwetu kwenda kwa nyani na kima, na kutoka kwao kuja kwetu. Mbega weusi kwa weupe tunaowaona leo Karura walihamishiwa hapo kutoka Kipipiri kwa juhudi kubwa, na ingesikitisha juhudi hiyo iharibiwe na pakiti ya chipsi.

Kuhusu plastiki sina mengi ya kusema, kwa kuwa sheria ni wazi: tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia na plastiki za kutumika mara moja katika mbuga na misitu ya hifadhi. Beba chupa inayojazwa tena, urudi nayo.

Vilima vya Ngong vinadai uangalifu wa aina nyingine. Upepo ni mkali, miteremko ni mirefu, na nyasi ndizo zinazoushika udongo. Kila kundi linapokata kona ili kufupisha njia, nyasi hukanyagwa zikafa, mvua za Aprili zikachimba mfereji pale pale, na msimu unaofuata watembeaji huuepuka mfereji huo kwa kufungua kijia kingine kando yake. Afadhali kuchafua viatu kwa tope la njia iliyopo.

Tena vilima hivyo si uwanja mtupu. Katika masimulizi ya Wamaasai, ukoo wa malaiboni wao, yaani viongozi wao wa kiroho, ulianzia huko, na hadi leo utakutana na wachungaji na mifugo yao. Ng'ombe wakija, simama kando uwapishe. Msalimie mzee kwanza, umwamkie kama ungemwamkia babu yako, na ukitaka picha omba ruhusa, ukubali jibu lolote atakalotoa. Watoto wasipigwe picha bila idhini ya wazazi wao. Wako pia watu wanaopanda kule kusali, nao hawakuja kusikiliza nyimbo zetu.

Ombi langu ni kwa viongozi wa vikundi vya matembezi, maana wao ndio wanaosikilizwa. Wayaseme haya ndani ya matatu, kabla ya kufika langoni, na gharama ya safari ijumuishe malipo ya kiongozi wa njia anayeishi pale pale, pamoja na chai na chapati za mama wa kibandani badala ya chakula chote kutoka madukani mjini.