Chumvi niliialika mwenyewe

Jana nimelifungua lile boksi langu la kuchajia gari la umeme. Miezi saba tu uani hapa Tudor, Mombasa, na shaba ya bodi imeota kijani. Skrubu mbili zilikatika vichwa nilipozigusa na bisibisi. Feni niliziweka mimi, zikavuta upepo wa bahari moja kwa moja juu ya transista, zile swichi zinazokatakata umeme.

Shangazi akanikuta nimeinama. "Mwanangu, umeme si uko ukutani? Gari si ulichomeke tu?"

Swali zuri. Ukutani kuna AC, umeme unaogeuka mwelekeo kila mara; betri inataka DC, unaokwenda upande mmoja tu. Gari lina kigeuzi chake ndani, lakini kwa kawaida ni kidogo, mathalan kilowati 7. Betri ya kilowati-saa 60 italala nacho usiku kucha. Ukitaka haraka, kazi ya kugeuza inahamia kwenye boksi la nje, kilowati 50 na zaidi. Langu ni la kujifunzia, kilowati 10.

Fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme wa mtaani, za volti 415 zinaingia, zinanyooshwa na kupandishwa hadi volti 800 hivi za DC. Kisha umeme huo huo unakatwakatwa upya, mara 100,000 kwa sekunde, unapita kwenye transfoma, koili mbili zisizogusana, unanyooshwa tena kwa volti ambazo gari limeomba. Inaonekana kama kuvua nguo na kuvaa zilezile. Lakini transfoma ndiyo inayolitenga gari na laini ya mtaani, na kwa kasi hiyo inaenea kiganjani. Ya hertzi 50, kasi ya umeme wa ukutani, ningehitaji mkokoteni. Transista kubwa za silikoni za zamani zingeungua kwa kasi hiyo, ndiyo maana nimetumia za silikoni kabaidi. Bei yake, tuiache.

Kinachoninyima usingizi ni kile kinachopotea. Hata likifanya kazi kwa asilimia 96, wati 400 hivi zinabaki kuwa joto, na Februari ya Mombasa haisaidii kupoza chochote. Kapasita za maji, vile vikopo vyenye kimiminika vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wake hupungua karibu nusu.

Kwa hiyo boksi jipya halina tundu. Transista zimekazwa kwenye ukuta wa alumini, mapezi yako nje, feni nayo iko nje: ikiliwa na chumvi nabadilisha feni tu. Bodi nimeipaka vanishi pande zote. Limekuwa zito, nalibeba na jirani.

La zamani Shangazi amelichukua. Lina matundu ya hewa, anasema, litafaa kuwekea vitunguu.