Jumamosi zetu za kujifunza kazi za mikono

Rafiki yangu ni muuguzi. Usiku mmoja mwanzoni mwa mwaka jana alinipigia simu akiwa kituoni anasubiri daladala, ametoka zamu ya jioni, sauti imekauka. "Shoga," akaniambia, "nataka kujifunza kitu cha mikono ambacho nikikosea hakuna mtu atakayeumia. Twende wote." Mimi ni mhasibu. Mikono yangu tangu asubuhi mpaka jioni iko kwenye kibodi, na ikifika Ijumaa siwezi kukuonyesha chochote nilichokitengeneza. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Peke yangu nisingefika popote, na nalisema hilo kwa sababu niliwahi kujaribu. Nililipia mafunzo ya kufuma vitambaa, nikahudhuria siku moja, Jumamosi iliyofuata kukawa na msiba, nyingine kukawa na mvua, basi. Safari hii tulikaa kwanza tukapatana. Tutakwenda siku moja kila mwezi, na tarehe itapangwa mara tu ratiba yake ya zamu inapotoka. Nauli na ada tunagawana sawa. Na kabla ya kulipa, mmoja wetu apige simu aulize swali moja: siku hiyo tutafanya kazi tangu mwanzo, au tutakuta imeshaandaliwa? Swali hilo rafiki yangu ndiye aliyelileta, na ndilo lililotusaidia kuliko yote.

Tulianza na uchoraji wa Tingatinga, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu nasi, pale Morogoro Stores, Oysterbay. Nimepita pale miaka mingi nikiona picha zimetundikwa nje, bila kujua kwamba Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, vya mraba wa kama sentimita 60. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu ya kuchora, na wanafunzi wa wanafunzi wake wapo mpaka leo. Kaka aliyetufundisha alitueleza kwamba rangi ya chini lazima ikauke kabisa kabla hujaweka mnyama juu yake, na rangi ile ya mafuta haikauki kwa saa mbili tatu, kwa hiyo mbao zetu zilikuwa zimeshapakwa siku iliyotangulia. Tulichora kanga, yule ndege mwenye madoa. Madoa ya rafiki yangu yalikaa kama yamepimwa kwa rula. Mkono uliozoea kutafuta mshipa wa mtoto mchanga hautetemeki. Tulifurahi sana siku ile, nami picha yangu nimeitundika sebuleni, ila njiani tulipokuwa tunarudi tulikubaliana kwamba tunataka kazi ambayo tutaanza nayo tangu ikiwa malighafi.

Mwezi uliofuata ikawa batiki, uani kwa mtu anayefundisha vikundi. Hapa ndipo tulipopata kazi yenyewe, na ndipo tulipopata hatari.

Kwanza kitambaa. Mwalimu alituambia tuje na mita mbili kila mmoja, pamba tupu, na akatuonyesha namna ya kuhakikisha: chomoa nyuzi chache pembeni uziwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Ikiyeyuka na kuganda kama kishanga kigumu, hiyo ina poliesta, na rangi ya batiki haitashika vizuri. Kitambaa cha rafiki yangu kiliyeyuka. Muuzaji alikuwa amemwapia kwamba ni pamba. Ikabidi tugawane changu, mita moja moja, na hiyo ndiyo faida ya kwenda wawili.

Kisha nta. Inayeyushwa kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, nta ya mshumaa ikichanganywa na nta ya nyuki. Ya mshumaa peke yake hupasuka kitambaa kikikunjwa, rangi ikapenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba. Ya nyuki ni laini, inashikilia. Ukitaka mishipa mingi, zidisha ya mshumaa. Unachovya chapa ya sponji, unakung'uta, unagonga kitambaa, halafu unageuza upande wa pili kuangalia. Nta ikiwa imepenya, utaona alama imelowa pande zote mbili. Ikiwa imekaa juu tu, nyeupe kama maziwa yaliyoganda, sufuria imepoa, rudisha motoni. Na ikitoa moshi imezidi, ondoa haraka. Nilipenda sana sehemu hii. Kazi inakujibu papo hapo.

Sasa rangi. Rangi za batiki za aina tuliyotumia haziyeyuki kwenye maji matupu. Zinahitaji kostiki soda, ambayo huunguza ngozi, na ile dawa ambayo mafundi wanaiita haidro. Mwalimu alikuwa na jozi mbili za glovu kwa watu tisa. Akasema tupokezane. Mimi nilikuwa nashikilia beseni bila glovu wakati mwenzetu mmoja anakoroga, maji yakaruka yakanipata kwenye kiganja na kifundo cha mkono. Sikusikia maumivu mwanzoni, nilisikia utelezi tu, kama sabuni. Nikataka kujifuta kwenye kanga niendelee. Rafiki yangu aliniona. Alinishika mkono akanivuta mpaka bombani, akafungulia maji, akanishikilia pale. "Usijifute. Usipake chochote. Tulia hapa." Nikamwambia yametosha, akasema bado. Alikuwa anaangalia saa. Dakika ishirini nzima alinishikilia mkono chini ya maji, na watu wamesimama wanatutazama. Kiganja kilibaki chekundu siku mbili, hakikutoa hata lengelenge.

Nimeandika haya kwa urefu makusudi. Ukienda kujifunza batiki, au sabuni, maana nayo hutumia kostiki, nenda na glovu zako mwenyewe, za mpira, ndefu, zinazofika karibu na kiwiko. Vaa viatu vya kufunika miguu. Na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, nje penye hewa; maji hayamwagwi juu ya kostiki kamwe, kwa sababu inachemka ghafla na kuruka. Mwalimu asipokueleza hivyo kabla hajafungua kopo, muulize. Asipojali, ondoka.

Hatukuondoka siku ile, na sikujuta, kwa sababu ya kilichofuata. Rangi yetu ilikuwa ya kijani. Kitambaa kilipotoka kwenye beseni kilikuwa bluu. Nikadhani tumekosea kipimo. Mwalimu akakitandaza kwenye kamba, akasema tungoje hewa ifanye kazi yake. Kikaanza kugeuka kuanzia kwenye mikunjo ya juu, bluu inajiondoa, kijani kinaingia, mbele ya macho yetu, mpaka kikawa kijani kote, na maua meupe pale nta ilipokuwa imezuia. Tulikiangalia kimya. Baadaye tulikitia kwenye maji yanayochemka, nta ikayeyuka ikaelea, tukaiengua ili itumike tena. Kwa anayetafuta pa kuanzia na hana mtu wa kumwelekeza, ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, zipo mikoani na hutoa mafunzo ya kazi kama hizi. Ulizia ya mkoa wako.

Mwezi wa nne hatukwenda popote. Masika yalikuwa makali, zamu zake zilibana.

Tulipopata nafasi tena tulivuka kwenda Unguja. Jirani wa rafiki yangu ana shangazi yake upande wa kusini, bibi ambaye tangu utoto amesuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, na huwafundisha wanawake barazani kwake. Tulipanda boti ya asubuhi, kisha daladala, tukafika jua limeshapanda. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu. Vueni viatu, kaeni kitako." Hakutuuliza tumetoka wapi wala tunataka kusuka nini. Alitusukumia fungu la ukindu mbele yetu.

Ukindu ni majani ya mkindu, ambao hupenda mabonde yenye maji. Hukatwa ungali mchanga, kuti halijafunguka, na huanikwa mpaka weupe utokee. Unaotakiwa kuwa na rangi huchemshwa na rangi ya unga. Kisha kila jani huchanwa, na vile vipande ndivyo chane. Tulichana kwa saa moja na nusu. Nilidhani ni matayarisho tu, kumbe hapo ndipo mtu anapofanikiwa au kushindwa. Bibi alikuwa anatumia ukucha wa dole gumba, anaufinya ukindu, anauvuta, na chane zinatoka zikiwa na upana mmoja kama zimepita mashineni. Zangu zilikuwa nyembamba huku na pana kule. Aliziokota, akazipanga pajani, akatoa zaidi ya nusu. "Hizi zitapindisha ukili," akasema, akaziweka pembeni bila kunilaumu.

Tulianza na chane saba. Aliulaza mwanzo chini, akaubana kwa kidole gumba cha mguu, akatuonyesha taratibu: juu ya mbili, chini ya mbili, ukifika ukingoni kunja urudi ndani. Chane ikikaribia kuisha, nyingine inalazwa juu yake na zinakwenda pamoja kidogo, halafu ya zamani unaiacha. Ncha zinazochomoza hukatwa mwishoni. Na kila mara unachovya vidole kwenye bakuli la maji, maana ukindu mkavu hukatika.

Kulieleza ni rahisi. Vidole vyangu vilikuwa vinajua kwenda juu, kurudi ukingoni vikasahau. Nilipofika kama shibiri moja, bibi akaushika ukili wangu, akaupitisha kati ya vidole bila kuutazama, alikuwa anaongea na mjukuu wake kuhusu samaki. Akasimama katikati ya sentensi. "Hapa umeruka. Fumua, mwanangu." Nikafumua. Mara ya pili, fumua. Mara ya tatu alinishika mikono yote miwili kwa mikono yake na tukasuka pamoja, vidole vyake vikisukuma vyangu. Ngozi yake ilikuwa ngumu na laini kwa wakati mmoja, kama ule ukindu wenyewe. Kuanzia hapo nikaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, mbili juu, mbili chini, kama ninavyohesabu safu za hesabu ofisini, na ukili ukanyooka.

Rafiki yangu alipata shida ya namna nyingine. Ule mkono wake imara alioutumia kwenye madoa ya kanga ulikuwa unabana mno. Ukili wake ulitoka mgumu, unajikunja kama utepe uliokaangwa. "Mbona unauvuta hivyo?" bibi akamuuliza. "Ushike tu, hautakimbia." Rafiki yangu akacheka, halafu ghafla akanyamaza, akainama, akaendelea kusuka machozi yanamtoka. Wiki ile walikuwa wamempoteza mgonjwa aliyekaa naye miezi. Alikuwa hajaniambia. Bibi hakuuliza kitu. Alimsogezea bakuli la maji karibu, akaendelea na ukili wake, nami nikaendelea na wangu, na tukakaa hivyo watatu mpaka adhana ya alasiri.

Tulirudi Dar es Salaam na mafungu mawili ya ukindu na deni la kusuka. Tumeacha kuzunguka. Tulikuwa na mpango wa kwenda kujifunza ufinyanzi, na bado nautamani, lakini tumekubaliana kwamba tumalize hiki kwanza. Ijumaa asiyokuwa zamu nakwenda kwake, tunakaa barazani, chane tumezifunga kwenye kitambaa kibichi zisikauke, tunasuka na kuzungumza. Mara nyingine hatuzungumzi. Mjukuu wa bibi ana simu yenye kamera, kwa hiyo mara moja kwa wiki tunamwonyesha bibi tulipofikia. Yeye hutazama kwa karibu sana, tunaona jicho na paji la uso tu, na husema kosa lilipo. Kwa sasa ninasuka chane tisa, na rafiki yangu amejifunza kulegeza kiasi kwamba ukili wake ni mlaini kuliko wangu.

Kila mmoja wetu anataka kushona msala, mkeka wa kuswalia. Kwa upana wa vidole viwili tunaousuka, bibi amesema tuhesabu pima 11 kwa kila msala, pima moja ikiwa urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Nina tisa, mwenzangu ana nane na nusu. Nilipomtajia bibi hesabu hiyo aliniuliza nimepima kwa mikono ya nani. Nikamwambia yangu. Akasema tusikate chochote, tuukunje wote kama ulivyo tuje nao, ataupima mwenyewe kwa mikono yake ndipo atuonyeshe mshono. Tumeshakata tiketi za boti, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao.